Nyumba za Kambi ya Zamani: Namna ya Kuzisoma

Padri kijana mmoja, aliyekuwa amezoea misioni ya pori, alitumwa katika parokia ya kambi moja ya wachimba shaba. Siku ya kwanza alizunguka kambi pamoja na katekista. Aliona nyumba za matofali zimepangwa kwa mistari kama askari, lakini chokaa imetoka. Aliona mahindi yameoteshwa mpaka mlangoni, pahali palipokuwa maua zamani. Aliona bomba la maji limekauka, na kisima kimechimbwa nyuma ya jiko. Aliona kuta mpya zimeshikamanishwa na nyumba ya zamani bila kipimo. Jioni aliandika katika daftari yake: «Watu wa hapa ni wavivu. Hawatunzi mali yao.»

Miaka miwili baadaye alifuta maneno hayo. Nyumba zilikuwa zile zile, ila yeye alikuwa amejifunza kuzisoma.

Ndugu seminaristi, wengi wenu mtatumwa siku moja Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Kambove ao Kolwezi. Na ninyi makatekista, wengi wenu mnakaa tayari katika nyumba hizo. Inafaa basi tueleze polepole: kambi ilijengwa kwa sababu gani, ugonjwa wake uliingia kwa mlango gani, na alama tunazoziona leo juu ya kuta zinasema nini.

I. KAMBI ILIJENGWA KWA SABABU GANI?

Kampani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910 njia ya reli ilifika kutoka kusini, na mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi, ukaanza. Mwaka wa 1911 tanuru lilianza kuyeyusha shaba.

Mwanzoni kampani ilitafuta wanaume tu. Walikuja kwa kandarasi ya miezi michache, wakalala katika vibanda vibaya, na wengi wakafa kwa magonjwa. Waliobaki wazima walirudi kwao. Kazi ya namna hiyo iligharimu sana: kila mara kutafuta watu wapya mbali, kila mara kuwafundisha upya. Kwa hiyo, karibu na mwaka wa 1928, kampani iligeuza shauri. Ilitaka mfanyakazi akae miaka mingi, tena akae pamoja na mke wake na watoto wake.

Hapo nyumba yenyewe ikawa chombo cha kazi, kama sururu na gari. Kampani ilijenga kambi za matofali. Ilitoa posho ya unga, samaki na mafuta kwa kipimo cha jamaa. Ilijenga lopitali na nyumba ya kuzalia. Masomo iliyaweka katika mikono ya wamisionari, na zaidi Wabenedikto, wakati wa Monsinyori de Hemptinne. Kanisa la kambi, mara nyingi, lilijengwa kwa matofali yale yale ya nyumba za wafanyakazi. Kioo kilipovunjika, ama paa lilipovuja, watu wa kampani walikuja kutengeneza. Mtu alizaliwa mikononi mwa kampani, akasomeshwa nayo, akaingia kazi ya baba yake, na siku ya kufa sanduku lake lilitoka kwa kampani. Ndiyo maana watu wa Katanga walisema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.»

Lakini tusidanganyike kama wazee wanaokumbuka utamu tu. Baba huyo alikuwa mkali. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma wakidai mshahara uongezwe, askari waliwapiga risasi huko Élisabethville, na watu wengi walikufa. Tena neno moja lilikuwa juu ya kila mlango, hata kama halikuandikwa: aliyeacha kazi aliacha nyumba vilevile. Mtu aliishi miaka thelathini katika nyumba nzuri bila kuwa mwenyeji wake. Hakujifunza kuitengeneza, kwa sababu hakuruhusiwa kuigeuza. Tukumbuke jambo hili, maana linaeleza mengi yanayofuata.

II. UGONJWA ULIINGIA KWA MLANGO GANI?

Tarehe 1 Januari 1967 Serikali ilichukua mali ya Union Minière. Kampani mpya ilipata baadaye jina linalojulikana na wote: Gécamines. Kwa miaka mingi watu wa kambi hawakuona tofauti kubwa. Posho ilifika, masomo yaliendelea, sirene ililia asubuhi. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba, na watu zaidi ya 30,000 walikuwa katika kazi yake.

Lakini mti ulikuwa umeliwa na mchwa ndani. Kwanza, bei ya shaba katika dunia ilianguka mwaka wa 1975, na haikupanda vizuri kwa muda mrefu. Pili, mwaka ule ule vita vya Angola vilifunga njia ya reli ya Benguela, iliyokuwa njia fupi ya kufika baharini. Tatu, Serikali ilitumia fedha za shaba kwa mambo mengine, na mashine zilizochakaa hazikubadilishwa. Mtu anayekamua ng'ombe kila siku bila kumpa majani, asishangae siku maziwa yanapokauka.

Siku hiyo ilifika upesi. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi ya Kolwezi, ilibomoka. Mwaka wa 1991 miji mingi ya nchi iliporwa. Mwaka wa 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga. Maelfu walilala kwenye stesheni za reli, kama ile ya Likasi, wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa kule na njiani. Kati yao walikuwa mafundi na walimu waliozaliwa katika kambi zile zile. Mwaka wa 1993 mgodi wa Kipushi ulisimama, na shaba yote ya Gécamines kwa mwaka ule haikufika tani 50,000. Miaka kumi baadaye haikufika hata 20,000.

Kampani haikufunga mlango siku moja. Ingefunga, pengine watu wangejua la kufanya. Ilikuwa ni kifo cha polepole: mshahara ulichelewa mwezi mmoja, kisha mitatu, kisha miezi isiyohesabika, posho ilipungua, kisha ikakatika, lopitali ilibaki na munganga lakini bila dawa. Baba alivaa kila asubuhi nguo zake za kazi, akaenda, akarudi mikono mitupu. Mwishoni, mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000, karibu nusu ya wote, waliondolewa katika shauri lililoitwa «kuondoka kwa hiari», na fedha za kuwalipa zilitoka Banki ya Dunia. Wengi wao wanasema mpaka leo kwamba hiari hiyo ilikuwa ya jina tu, na kwamba fedha walizopewa hazikulingana na miaka waliyofanya kazi. Mwaka wa 2001 Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa amekwisha kutoa kitabu juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo linasema yote: katika fikira za watu, kazi ilipokufa, baba alikufa.

III. ALAMA TANO ZA KUSOMA

Sasa turudi kwenye kambi pamoja na yule padri kijana, tutazame tena.

1. Mahindi mlangoni. Posho ilipokatika, jamaa ilipata njia moja tu: kulima. Kwanza walilima pahali pa maua, kisha kando ya barabara, kisha mbali porini. Aliyeanza kazi hiyo mara nyingi alikuwa mama. Yeye ndiye aliyeuza nyanya, mkate, makala, mafuta kwa kipimo cha kikombe. Basi mahindi hayo hayasemi uvivu. Yanasema kwamba mzigo wa nyumba umehama kutoka bega la baba mpaka kichwa cha mama. Na baba, aliyefundishwa maisha yake yote kwamba mwanaume ni mshahara, anakaa chini ya mwembe na haya yake. Katekista anayemwona pale mchana asimwite mlevi kabla ya kujua.

2. Bomba kavu na kisima. Maji ya kambi yalivutwa kwa mashine za kampani. Mashine ziliposimama na mabomba yalipopasuka, watu walichimba visima katika parsele zao. Lakini kambi haikupimwa kwa visima: nyumba zinabanana, na choo cha jirani kiko hatua chache tu. Ndiyo maana kipindupindu kimerudi mara kwa mara katika miji yetu ya Katanga wakati wa mvua. Katekista anaweza kuokoa watoto kwa neno dogo: maji ya kisima yachemshwe, na kisima kipya kisichimbwe chini ya mteremko wa choo.

3. Kuta za kuongeza. Nyumba nyingi za kambi ziliuzwa ao kuachwa kwa waliokaa ndani. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi akawa mwenyeji, lakini saa ile ile hakuwa na mshahara wa kutengeneza. Alifanya nini? Alijenga chumba cha pembeni, akakipangisha. Ao mtoto wake, asiyepata kazi, alioa na kubaki nyumbani. Nyumba iliyopimwa kwa bwana, bibi na watoto wadogo ikajaa babu, watoto, wajukuu na mpangaji. Kuta hizo zisizo na kipimo ndizo mshahara mpya wa mzee na sanduku lake la akiba.

4. Mifuko ya makala. Katanga ina nguvu ya maji tangu zamani; kituo cha Mwadingusha kilianza kutoa umeme mwaka wa 1930 kwa ajili ya viwanda. Hata hivyo bukari ya kambi leo inapikwa kwa makala, maana umeme unakatika ao unashinda mfuko wa watu. Asubuhi na mapema utaona vijana wanasukuma kinga zilizobeba mifuko mirefu kuliko wao. Kwa hiyo pori la miombo linazidi kukimbia mbali na mji, na kila mwaka kinga inatembea njia ndefu zaidi. Kijana huyo anayeuza makala anajua kwamba anakata mti wa kesho. Lakini mtoto wake anakula leo.

5. Udongo mtupu. Huko Lubumbashi dohani ndefu ya tanuru na mlima mweusi wa taka zake zinaonekana toka mbali, na watu wanazipenda kama alama ya mji. Lakini upepo mkubwa unatoka kusini-mashariki, na kwa miaka mingi ulipeleka moshi upande mmoja. Upande ule kuna pahali ambapo hata nyasi hazishiki. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven walitangaza kwamba walipima mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti na madini mengine kupita kiasi. Mtu haoni jambo hili kwa macho. Basi mama akisema kwamba mboga hazioti kwake, asiambiwe tu kwamba hajui kulima. Na lengalenga na majani ya muhogo yaoshwe vizuri, maana mavumbi ya barabara yana madini.

IV. MBONA WATU HAWAKUONDOKA?

Katika nchi nyingine, kiwanda kikifa, mji unabaki mtupu. Mfano unaojulikana ni Detroit, mji wa motokari huko Marekani. Mwaka wa 1950 ulikuwa na watu karibu 1,850,000. Mwaka wa 2020 walibaki karibu 639,000. Maelfu ya nyumba yalibaki bila mtu, paa likaanguka, na serikali ya mji ikazibomoa. Mwaka wa 2013 mji wenyewe ulitangaza mbele ya hakimu kwamba hauwezi kulipa madeni yake.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Kazi ilipungua, lakini watu waliongezeka. Lubumbashi iliendelea kukua katika miaka ile ile ambayo tanuru lilikuwa linazima. Sababu ni nini?

Kwanza, Mmarekani aliyeacha Detroit aliweza kupata kazi katika mji mwingine wa nchi yake. Mtu wa Likasi angekwenda wapi? Tangu mwaka wa 1996 vita viliingia katika nchi, na hata katika mikoa isiyo na vita, fedha ilikuwa imekwisha. Pili, mtoto wa kambi hana kijiji tena. Babu yake alitoka mbali; yeye anajua barabara za kambi kuliko njia za ukoo wake. Tatu, nyumba ndiyo mali peke yake aliyobaki nayo. Mwenye kuacha nyumba anapoteza paa, shamba la mlangoni na mpangaji wake, vyote pamoja. Nne, mji unabaki soko: hata maskini anauza kwa maskini.

Basi kwetu mji unaoanguka haujulikani kwa nyumba tupu. Unajulikana kwa nyumba iliyojaa kupita kiasi. Jambo hilo linadanganya wageni. Wakiona watu wengi na kelele nyingi sokoni, wanafikiri mji ni mzima.

V. SHABA IMERUDI, KAMBI HAIKURUDI

Mtu atauliza: Je, leo Katanga si tajiri tena? Ndiyo, shaba imerudi. Tangu sheria mpya ya madini ya mwaka wa 2002, kampani nyingi za kigeni ziliingia. Mwaka wa 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 2,000,000 za shaba, yaani mara nne na zaidi kuliko mwaka bora wa Gécamines, pamoja na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Hata Kipushi, baada ya kulala miaka zaidi ya thelathini, mgodi ulianza tena kutoa zinki mwaka wa 2024.

Lakini kamba iliyofunga nyumba na mgodi imekatika. Kampani mpya zinahitaji mashine nyingi na watu wachache. Wafanyakazi wengi wanaandikwa na kampani ndogo za katikati, kwa muda mfupi. Kwa kawaida hakuna kambi, hakuna posho ya jamaa, hakuna masomo ya kampani. Mfanyakazi anapanga chumba mjini kama mtu yeyote, na bei ya kupanga inapanda kwa sababu yake.

Na wengine wanachimba wenyewe. Huko Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, mwaka wa 2014 habari ilienea kwamba kobalti iko chini ya parsele za watu. Kwa muda mfupi mashimo yalichimbwa katika viwanja, hata ndani ya vyumba, chini ya sakafu. Nyumba zilipasuka, vijana walifukiwa. Mwaka wa 2017 wakaaji wa sehemu moja ya mtaa ule walihamishwa, nyumba zao zikabomolewa, na pahali pakazungushwa ukuta ili pachimbwe. Tazameni duara hili: zamani mgodi ulizaa nyumba; leo mgodi unakula nyumba.

VI. MAMBO YA KUWASAIDIA MAPADRI NA MAKATEKISTA

Kwanza: ulizeni historia ya nyumba, lakini kwa heshima na bila haraka. Pengine mwenye kukaa ndani aliinunua kwa miaka thelathini ya kazi. Pengine aliingia mwaka wa 1992, mwenyeji alipofukuzwa. Nyumba hiyo ina jeraha, na huenda watu wa pande zote mbili wanapiga magoti katika kanisa lenu, benchi moja. Neno lisilofikiriwa katika hotuba linaweza kufungua kidonda. Na neno la kweli, lililotayarishwa kwa muda mrefu, linaweza kuanza kukifunga.

Pili: msimhukumu baba asiye na kazi. Eklezia inafundisha kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi; Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alilieleza wazi katika barua yake ya mwaka wa 1981. Kambi ilifundisha kinyume kwa muda mrefu: thamani ya mtu ilikuwa namba yake ya kazi. Mpeni mzee huyo kazi ya kweli katika jumuiya, awe mshauri, fundi wa kanisa, mwalimu wa vijana wanaotaka kujifunza ufundi. Mikono yake haijasahau.

Tatu: chungeni watoto. Katika nyumba iliyojaa watu na njaa, mtoto yatima ao mtoto wa kambo anasingiziwa upesi kuwa mchawi. Tangu miaka ya 1990 jambo hili limeenea katika miji yetu, na wapo wenye kujiita manabii wanaojipatia fedha kwalo. Katekista anayejua hesabu ya nyumba, ni watu wangapi wanalala wapi na wanakula mara ngapi, ataona hatari kabla ya neno kusemwa.

Nne: msingoje baba mwingine. Parokia nyingi za kambi zilizoea kupokea misumari, rangi na mabati kutoka kwa kampani. Leo padri anaweza kushawishiwa kuwa yeye mwenyewe kampani mpya, wa kutoa na kutengeneza yote. Akifanya hivyo, siku atakapohamishwa watu watakuwa yatima mara ya pili.

Yule padri kijana alipotaka kutengeneza paa la kanisa, alimwendea mzee mmoja, fundi wa zamani wa karakana, akamwambia: «Baba Mzee, sina fedha.» Mzee alitazama juu muda mrefu, akajibu: «Padri, fedha sikukuuliza. Miaka thelathini nilitengeneza paa za kampani. Hii yetu hapana mtu aliyeniita.» Alikuja kesho yake na wazee wenzake wanne na ngazi moja. Mabati yalikuwa ya zamani, misumari iliyonyoshwa kwa nyundo. Paa lile halikuvuja mvua iliyofuata.